Darasa limevamiwa, wanafunzi hawaingii, mwalimu katupwa nje: matatizo ya madarasa ya Zoom na Meet na pa kuanzia

Walimu wenzangu, habari za kazi. Haya nimeyakusanya kutokana na maswali ambayo walimu wa tuisheni za mtandaoni wananiuliza kila wiki, na kwa kweli ni yale yale yanajirudia, huyu anasema kuna mtu kaingia anaweka video chafu, yule anasema watoto wanasubiri tu hawaingii, mwingine umeme umekatika karudi kakuta darasa lina hosti (mwenye kikao, anayekiongoza) mwingine. Nimepanga kwa dalili, kwa hiyo tafuta lile linalokusumbua sahivi ulisome hilo kwanza. Kwenye kila tatizo naanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi kwenda kwenye ile ya nadra, na vitu vya kuangalia ndani ya dakika moja vinatangulia kabla hujaanza kufungua masetingi. Nitaongelea zaidi Zoom mana ndo wengi tunayo kwenye simu, Google Meet nitaitaja panapohitajika.

Kitu kimoja naomba ukibebe unaposoma yote haya: linki ndo ufunguo wa darasa lako. Ile linki ndefu ya Zoom yenye neno pwd katikati ina paswedi ndani yake tayari, aliyenayo haulizwi kitu. Kwa hiyo ukisema "darasa langu lina paswedi" wakati linki imeshatembea magrupu matano ya WhatsApp, hapo paswedi ni kama hamna.

"Kuna mtu kaingia anatukana, anaweka picha chafu"

Kama linatokea sasa hivi unavyosoma, fanya hivi. Bonyeza palipoandikwa Host Tools (kwenye apu za zamani panaitwa Security, pana alama ya ngao) alafu chagua Suspend Participant Activities. Hiyo inazima kamera zote, maiki zote, chati na kushea skrini kwa mpigo mmoja, darasa zima linakuwa kimya. Ndo utafute jina la mvamizi umtoe. Kama humjui ni yupi au wako wengi, usihangaike kumsaka mmoja mmoja watoto wakiendelea kuangalia, funga kipindi kwa wote, End Meeting for All. Kwenye Meet ni hivyo hivyo, ukibonyeza simu nyekundu chagua kumaliza kwa kila mtu. Na hapa naomba sana: usibonyeze Leave ukatoka peke yako. Ukitoka peke yako umewaacha watoto na yule mtu chumbani.

Nalisema hilo kwa uchungu mana lilinikuta. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, form four, naeleza trigonometria, nimeshea skrini pembetatu iko pale nusu imechorwa. Akaingia mtu ana jina la mwanafunzi wangu kabisa, jina la kwanza na la ukoo, nikamruhusu bila kufikiri. Baada ya dakika kama tatu pembetatu yangu ikapotea ikaja video nyingine juu yake. Nilichofanya ni kufunika laptopu kwa mkono kisha nikatoka mimi, nikiamini nikitoka darasa linakufa. Halikufa. Watoto walibaki mle ndani dakika kadhaa mpaka mzazi mmoja aliponipigia. Yule mwanafunzi mwenye jina lile alikuwa ndani toka mwanzo, amekaa kimya na daftari lake, na wenzake wakadhani ni yeye. Nilitumia jioni mbili kupiga simu kwa wazazi mmoja mmoja kumsafisha jina.

Sasa sababu, ya kawaida kwanza.

Linki imetoka nje, na mara nyingi sana imetolewa na mtu wa ndani. Watafiti wa Binghamton University na Boston University nchini Marekani walichunguza uvamizi wa aina hii wa mwaka 2020 wakakuta wito mwingi wa "njooni mvamie" ulitoka kwa watu wenye haki ya kuwa kwenye kikao, hasa wanafunzi wenyewe wanaotoa linki na paswedi, na wengine wanawaelekeza wavamizi watumie majina ya wanadarasa. Ndo mana chumba cha kusubiri peke yake hakitoshi kama unaangalia jina tu. Angalia kwanza: linki uliiweka wapi? Status ya WhatsApp, Facebook, grupu la wazazi lenye watu mia mbili ambalo nusu yao watoto wao walishamaliza shule? Anza hapo. Tengeneza kipindi kipya, futa cha zamani, linki mpya itume kwa wahusika tu na usiitume siku mbili kabla, robo saa kabla ya kipindi inatosha.

Sababu ya pili ni ile namba ya kudumu ya akaunti yako, Zoom wanaiita Personal Meeting ID. Hiyo ni sawa na namba ya nyumba yako, haibadiliki, kila aliyewahi kuingia darasani kwako toka mwaka juzi anayo. Unapopanga kipindi chagua namba itengenezwe upya, Generate Automatically. Vipindi vya kujirudia navyo vinatumia namba moja wiki zote, kwa hiyo badilisha paswedi kila mwezi, ukibadilisha tu, linki ya zamani itaanza kudai paswedi ambayo mtu wa nje hana.

Tatu, kushea skrini kumeachwa wazi kwa kila mtu. Ingia setingi kwenye tovuti ya Zoom, siyo kwenye apu, mana kwenye tovuti ndo kuna setingi zote, weka kushea ni hosti peke yake. Hapo hapo zima kuchora juu ya skrini, zima kutumiana mafaili kwenye chati, zima wanafunzi kujibadilisha majina wakishakuwa ndani. Mwanafunzi akitaka kuonyesha kazi yake unamfungulia dakika hizo alafu unafunga.

Nne, hujafunga mlango. Wanafunzi wote wakishaingia bonyeza Lock Meeting, hata mwenye linki haingii tena. Wengi hawaifungi wakiogopa wanaochelewa, mimi nafunga dakika ya 15 na wanafunzi wangu wanajua, na anayechelewa kwa sababu ya mtandao ananipigia nafungua sekunde chache.

Ya nadra kabisa ni akaunti yako yenyewe kuibiwa, hiyo ina sehemu yake huko chini.

Na swali linaloulizwa sana, "nikiwasha ule usimbaji wa mwisho hadi mwisho (end-to-end encryption), wavamizi si watashindwa kuingia?" Hapana. Ule unalinda sauti na picha zisisomwe njiani, mtu mwenye linki anaingia vizuri tu kama kawaida. Alafu ukiuwasha unapoteza vitu vingine, mfano kuingia kwa kupiga simu ya kawaida na kurekodi kwenye seva zao. Kwa darasa la tuisheni vikao vya kawaida vya Zoom vimesimbwa tayari, nguvu zako zipeleke kwenye linki.

Simama hapa, usiendelee mwenyewe: kama kilichoonyeshwa kinahusu mtoto akidhalilishwa, kama mvamizi ametaja anapoishi mwanafunzi au wewe, au ametishia mtu. Mwaka 2020 mwezi wa tatu FBI ya Boston ilitoa onyo baada ya mtu kuingia darasa la sekondari kule Massachusetts, akatukana na kutaja kwa sauti anwani ya nyumbani ya mwalimu. Ikifika huko si kazi ya setingi tena. Andika saa, namba ya kikao na majina yaliyoonekana, toa taarifa Zoom kwa ile ripoti ya kwenye Host Tools, nenda polisi, kwa Tanzania omba Dawati la Jinsia na Watoto. Picha au video ya mtoto akidhalilishwa usiihifadhi, usiipige skrinishoti, usiitume kwa mwalimu mkuu "aone". Kuisambaza ni kosa hata kama nia yako ni njema, waeleze polisi kwa maneno. Na kwa mtoto aliyeumizwa na alichokiona, namba 116 ni ya kusaidia watoto, iko Tanzania na iko Kenya, kupiga ni bure.

"Wanafunzi wanasema wanasubiri tu, hawaingii"

Kabla hujagusa chochote muulize mwanafunzi mmoja akusomee maneno yaliyoko kwenye skrini yake, au atume skrinishoti. Hiyo inakuokolea nusu saa, kwa sababu kuna kusubiri kwa aina mbili. Ikisema wanasubiri hosti aanze kikao, maana yake kwa macho ya Zoom wewe hujafika. Ikisema hosti ameshaingia na ameambiwa uko hapa, basi wako chumba cha kusubiri na ni wewe hujawaruhusu, fungua orodha ya washiriki utawaona juu pale.

Wakiwa wanasubiri uanze na wewe unajiona umeshaanza, sababu namba moja, yaani hii naikuta kila wiki, ni kwamba umebonyeza New Meeting. Ile inafungua kikao kipya kabisa chenye namba nyingine, wewe uko chumba cha pili peke yako, watoto wako nje ya chumba cha kwanza. Toka, nenda kwenye orodha ya vikao ulivyopanga, bonyeza Start kwenye kile ulichowatumia. Linganisha namba ya kikao juu ya skrini yako na ile ya kwenye linki, zifanane tarakimu zote.

Ya pili, umeingia kwa akaunti nyingine. Laptopu ina akaunti ya shule, simu ina akaunti yako, leo bando liko kwenye simu ukaingia na simu, Zoom ikakuona mshiriki kama washiriki wengine na wewe ukabaki unamsubiri hosti ambaye ni wewe mwenyewe. Angalia picha ya akaunti kona ya juu, soma ile imeili.

Ya tatu ni saa, na hii ni yetu sisi waswahili. Mwalimu anawaza saa mbili usiku, anaandika 2:00 PM. Saa mbili usiku ni 8:00 PM, hiyo 2:00 PM ni saa nane mchana. Angalia pia setingi ya ukanda wa saa kwenye akaunti, ichague Nairobi, saa zake ni zile zile za Dar es Salaam, nimeona akaunti nyingi zimekaa kwenye saa za Marekani toka zilipofunguliwa. Kama una wanafunzi Muscat wao wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwenye tangazo andika "saa 2 usiku ya Dar, 8:00 PM" viende pamoja.

Kama shida ni paswedi inakataliwa: linki imekatika wakati wa kunakiliwa, au mtoto kaiandika kwa mkono toka kwenye simu ya mwenzake. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti kwenye paswedi. Mwambie aguse linki yenyewe, asiinakili.

Mwanafunzi mmoja tu ndo haingii na wenzake wako ndani? Mara nyingi ulimtoa kipindi hicho hicho kwa kumfananisha na mvamizi, au kidole kiliteleza. Zoom kwa kawaida haimrudishi aliyetolewa. Setingi ya kuruhusu waliotolewa warudi ipo kwenye tovuti lakini mimi siiwashi, bora mtoto mmoja akose kipindi kimoja nimtumie noti kuliko kumfungulia mvamizi. Kipindi kinachofuata tengeneza kikao kipya ataingia.

Inayobaki ni apu ya zamani, Zoom inaacha kupokea matoleo yaliyopitwa, aapdeti. Aapdeti kupitia Play Store au App Store peke yake. Kuna meseji zinazunguka zinasema "pakua Zoom mpya hapa" na faili la apk, usiliguse na uwaonye wazazi. Na kama simu inaleta onyo kwamba muunganisho si salama, kabla ya kuogopa angalia tarehe ya simu, simu ikizima betri wiki nzima tarehe inarudi miaka ya nyuma na kila tovuti inakataliwa. Irudishe tarehe ijipange yenyewe. Onyo likiendelea baada ya hapo, na uko kwenye waifai ya hoteli au ya mgahawa, achana na hiyo waifai.

Mtandao ukilala nchi nzima, kama ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hamna setingi ya kurekebisha, ahirisha kipindi.

"Kwenye chumba cha kusubiri naona Galaxy A05, iPhone, Mama K, simjui nani ni nani"

Hili linaonekana dogo lakini ndipo uvamizi unapoanzia. Watoto wetu wengi wanatumia simu ya mama au ya kaka, jina linalotokea ni la simu au la mwenye simu, siyo la mwanafunzi. Mwalimu naye ana watu 35 wanagonga, dakika zinaenda, anabonyeza Admit All. Hapo chumba cha kusubiri kimekuwa pambo.

Cha kwanza na rahisi, wape kanuni ya jina. Darasani kwangu kila mtu ana namba ya daftari, jina linaandikwa namba kwanza alafu jina, mfano 17 na jina lake la kwanza. Namba hizo niliwapa wazazi kwa meseji za kawaida, hazijawahi kuandikwa kwenye grupu. Anayegonga na jina zuri lakini hana namba, au ana namba ya mtu ambaye ameshaingia, anabaki nje namwandikia ujumbe huko huko chumba cha kusubiri. Yule aliyeingia kwa jina la mwanafunzi wangu asingepita hapo.

Kumfundisha mtoto kubadilisha jina kabla ya kuingia chukua muda wako, siku ya kwanza ya muhula tumia kipindi kizima kama inabidi. Nakumbuka binti mmoja alikuwa anaingia na "Mama K" kila siku, nikamwelekeza kwa simu ya kawaida huku ananisomea kinachoonekana, tukakuta shida ni kwamba Zoom ya mama yake imeingia akaunti ya kazini kwa mama na jina linatoka huko. Akawa anatoka kwenye akaunti kwanza, anaingia kama mgeni, anaandika jina lake mwenyewe. Dakika nne zilitosha.

Hatari kubwa iko dakika ya 40. Zoom ya bure inakata hapo, wote wanatoka, wote wanarudi kwa mkupuo, na wewe umechoka unataka kumalizia swali. Wavamizi wanaijua hiyo dakika. Panga kipindi chako kiwe cha dakika 35, mapumziko, alafu cha pili kiwe kikao kingine, ruhusu mmoja mmoja kama mwanzo. Meet ya bure inakupa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi.

Marekebisho ya ndani zaidi kwa wenye uwezo: akaunti ya kulipia ya Zoom ina usajili, kila mwanafunzi anapata linki yake mwenyewe, na wale watafiti niliowataja walisema linki ya mtu mmoja mmoja ndo kinga ya kweli. Shule iliyosajiliwa inaweza kuomba Google Workspace for Education, toleo la msingi ni bure, pale wanafunzi wanaingia Meet kupitia Classroom kwa akaunti za shule na hawawezi kutangulia kabla ya mwalimu. Kama ni shule, mwachieni mtu wa TEHAMA afanye hiyo kazi, ukikosea kuipanga unaweza kuwafungia nje shule nzima asubuhi ya Jumatatu.

"Umeme ulikatika, kurudi nakuta mimi si hosti"

Hosti akipotea mtandaoni kikao hakifi lazima, cheo kinaweza kumwangukia mtu mwingine aliyemo, na kama ni mwanafunzi wa form two sasa ana uwezo wa kumyuti mtu, kumtoa mtu, kushea. Wengi hawafanyi baya, wanaogopa tu. Rudi kwa akaunti ile ile iliyopanga kikao, fungua orodha ya washiriki, kuna mahali pa kudai cheo chako, Reclaim Host. Hupaoni? Basi umerudi kwa akaunti nyingine, ni ile ile ya simu na laptopu.

Ili lisikukute, mwombe mtu mzima mmoja awepo, mwalimu mwenzako au mzazi. Hosti msaidizi ni kwa akaunti za kulipia, kwenye ya bure unaweza kumkabidhi yeye uhosti kabisa ukiona betri inaelekea kuisha. Na simu yenye bando iwe mezani, apu ipo, akaunti ni sahihi, imechajiwa.

"Nilishea skrini, wakaona meseji zangu"

Unaeleza jedwali, juu inashuka meseji ya M-Pesa na salio lako, watoto 40 wameisoma. Sababu ni kushea skrini nzima badala ya dirisha moja. Kwenye kompyuta chagua dirisha la ile PDF au slaidi tu. Kwenye simu mara nyingi inashea kila kitu, kwa hiyo washa hali ya Usisumbue kabla ya kipindi, na ukiweza fundisha na simu isiyo na laini yako ya pesa. Kama kilichoonekana ni namba ya siri ya mara moja au paswedi, badilisha hapo hapo usisubiri kipindi kiishe.

Mwangwi na sauti kukwaruza naletewa sana pia, ila hapo jibu ni fupi: vifaa viwili viko chumba kimoja na vyote vina maiki wazi. Zima kimoja au vaa hedifoni, na weka maiki za wote zizimwe wanapoingia.

"Mtu anamwandikia mwanafunzi wangu pembeni"

Hili hulioni mwenyewe, unaambiwa na mtoto au na mama yake, na pengine wiki mbili zimeshapita. Kwenye Zoom chati ikiachwa wazi mshiriki anaweza kumwandikia mshiriki mwingine faragha na hosti hasomi. Ingia Host Tools, chati iwe kwa hosti tu. Wakitaka kusaidiana wasaidiane kwa sauti.

Kisha angalia grupu la WhatsApp, mana huko ndo namba za watoto zinakoonekana na kila aliyemo. Grupu la darasa liwe la wazazi, wewe ndo admini, na wanaoongea ni maadmini tu. Bora zaidi tumia jumuiya ya WhatsApp kwa matangazo, wanachama hawaoni namba za wenzao.

Ukiambiwa mtu mzima anamwomba mtoto picha au wakutane, usimtafute, usimjibu kwa simu ya mtoto, usimtangaze kwenye grupu. Mwambie mzazi asifute mazungumzo, nendeni polisi pamoja, 116 mnaweza kupiga hata usiku huo huo.

"Rekodi ya kipindi changu inazunguka"

Mara nyingi haikuibiwa, ilitumwa. Mwalimu karekodi, kaweka kwenye grupu kwa ajili ya waliokosa, wakaisambaza, na ndani yake kuna sura za watoto na majina yao kamili. Au mwanafunzi karekodi skrini ya simu, hilo huwezi kulizuia kwa setingi yoyote, ukiizuia Zoom isirekodi, simu yake bado itarekodi.

Punguza kilichomo. Rekodi sauti yako na slaidi, kamera za wanafunzi zimezimwa muda huo, na waambie unapoanza na unapomaliza. Ipakie sehemu inayohitaji imeili ya mwanafunzi kufungua, usitume faili lenyewe. Ya mwezi uliopita ifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za mtoto zinataka ridhaa ya mzazi, kwa hiyo ile fomu ya kujiunga na tuisheni iwe na mstari wa kurekodi, mzazi asaini. Rekodi ikishatoka nje na mzazi akalalamika, mpe ukweli wote siku hiyo hiyo, na kama ni shule, uongozi utafute mwanasheria kabla ya kujibu kwa maandishi.

"Naona vikao ambavyo sijapanga mimi"

Hii ndo ile ya nadra, na ndo nzito. Dalili ni vikao vigeni kwenye orodha, imeili za kubadilisha paswedi ambazo hukuomba, wanafunzi wanasema ulikuwa mtandaoni jana usiku wakati ulilala.

Sababu ya kwanza ni akaunti iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya stesheneri au intaneti kafe. Ya pili paswedi moja kwa kila kitu. Ya tatu linki ya uongo iliyokuomba uingie upya. Ingia tovuti ya Zoom kwenye wasifu wako, chagua kutoka kwenye vifaa vyote, badilisha paswedi, washa uthibitisho wa hatua mbili. Lakini anza na imeili. Kama imeili yako imeshikwa, kila paswedi mpya utakayoweka Zoom mwizi ataibadilisha tena kupitia imeili, na utazunguka hapo mpaka asubuhi. Kwenye Gmail angalia vifaa vilivyoingia na angalia kama kuna namba ya simu au imeili ya kurejesha usiyoijua.

Wakati unashughulika, futa vikao vyote vya wiki hiyo na uwapigie wazazi, usiwaandikie, waambie wasifungue linki yoyote inayotoka kwako mpaka wasikie sauti yako.

Na kama laini yako ya simu imekufa ghafla, haina mtandao kabisa wakati wenzako wa mtandao huo huo wanao, acha Zoom. Hapo kuna uwezekano mtu amehamisha laini yako kwenye kadi yake. Azima simu, piga huduma kwa wateja wa kampuni yako wafunge laini na akaunti ya pesa, alafu nenda dukani kwao na kitambulisho, darasa la leo litafundishwa kesho.